Moyo Unaopiga Polepole

Kalemie, tarehe 4 Machi 2024

Yaya Florent,

Nakuandikia, kaka yangu, kwa sababu munara wa simu wa Ankoro bado umekufa, na kwa sababu jambo hili nikilisema kwa mudomo nitapiga kelele. Omer wa pikipiki anaondoka kesho. Amekubali kubeba barua mpaka Manono, kule atatafuta muntu wa kuifikisha kwako.

Jumamosi ilikuwa mutihani wa mbio wa sisi maarbitre. Unajua mwaka huu ni wa saba nashika filimbi. Kila mwaka nakimbia, napita, halafu wananipa mechi za watoto wa shule. Safari hii jina langu lilikuwa kati ya wale watakaochezesha mashindano ya jimbo mwezi wa saba, mwanamuke wa kwanza. Tangu mvua zianze nimekuwa nakimbia kwenye barabara ya kando ya ziwa kabla ya kwenda kufundisha, na mama za samaki wananiuliza nani ananifukuza.

Nilipokuwa nafunga kamba za viatu, munganga wa kamati akaniita. Wanaume hakuwaita. Akanilaza kwenye benchi, akashika mukono wangu, akaangalia saa. Akashika tena.

"Mama Ketsia, moyo wako unapiga mara arobaini na sita kwa dakika. Muntu wa kawaida anafika sabini. Huu moyo umechoka."

Nikamuambia, "Munganga, umenipima nikiwa nimelala. Niache nikimbie, halafu ushike tena."

"Ukimbie ufie mikononi mwangu?" Halafu akaongeza, na mimi sikuwa nimesema kitu: "Si baba yako alianguka njiani akisukuma muzigo?"

Yaya, huyu munganga amehamia Kalemie mwaka jana tu. Papa amelala miaka kumi na tisa kwenye udongo wa Manono. Nani alimuambia?

Papa Edmond, mukubwa wa kamati, alikuwa amesimama hapo hapo. Akafuta jina langu mbele ya macho yangu. Nikakaa kwenye majani, nikaangalia wanaume wakikimbia. Jérémie, yule ambaye tumbo lake linafika kwenye mupira kabla ya miguu, alitapika katikati ya mbio. Wakamupa maji, akamaliza kwa kutembea. Jérémie amepita. Mimi sikukimbia hata hatua moja, na mimi njo niliyeanguka.

Kamati inasema itanisikiliza tena kama familia itathibitisha kwamba sijawahi kuugua moyo. Wewe njo mukubwa wetu tangu Papa atuache. Nataka neno lako, na nalitaka upesi.

Mudogo wako,
Ketsia


Ankoro, tarehe 19 Machi 2024

Mudogo wangu Ketsia,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, lakini hasira yako haikufutika. Nimeisoma peke yangu, halafu nimemusomea muke wangu Mamie.

Hilo neno sitaliandika. Usiitupe barua, soma mpaka mwisho.

Baba yetu, Papa Adalbert, alikuwa na nguvu kutupita sisi wote. Alisukuma magunia ya mawe ya bati kwenye kinga, baiskeli ya mizigo, miaka na miaka, na vijana walikuwa wanamuomba apunguze mwendo. Siku ile nilikuwa nyuma yake nasukuma. Tulipofika kwenye mupando akaniambia, "Florent, ngoja kidogo," akaegemea kiti cha kinga kama muntu mwenye mawazo. Kinga njo ilianguka kwanza, yeye akaifuata. Wewe ulikuwa shuleni Kalemie. Ulikuta kaburi. Uso haukuuona.

Wazee wetu walisema Mungu anamupa kila muntu hesabu ya mapigo ya moyo wake. Anayekimbia bila kufukuzwa anayatapanya. Mimi nikisukuma kinga, ni juu ya chakula cha watoto. Wewe unakimbia juu ya nini? Mupira wa wanaume wengine. Munganga amesema, Papa Edmond amesema, na wote wawili ni watu wa masomo. Tulia, fundisha watoto. Arbitre anatukaniwa mama yake kila Siku ya Mungu, na mama huyo ni wetu wote wawili.

Huku tuko salama. Samaki wako wengi. Safari za Manono nimepunguza, njia imeharibika na mvua.

Kaka yako,
Florent


Kalemie, tarehe 8 Aprili 2024

Florent,

Leo sikuiti Yaya. Soma na wewe mpaka mwisho.

Nimekwenda hospitali kwa Munganga Monique, anayejua mambo ya moyo. Hakunicheka. Alinibandika nyaya kifuani, nyaya zikaingia kwenye mashini inayochora mapigo kwenye karatasi, akanipandisha baiskeli iliyofungwa chini isiende popote. Mukono wangu mumoja ulifungwa kitambaa cha kupima nguvu ya damu. Kila dakika tatu alikaza gurudumu, muzigo ukaongezeka. Yaani alinipandisha mulima ndani ya chumba.

Mwanzo, hata kabla jasho halijatoka, moyo ulipanda. Monique alisema muntu akiwa amekaa, moyo wake umefungwa breki, na mwili ukianza kazi kitu cha kwanza ni kuachia hiyo breki. Alipokaza tena, moyo ukaanza kupiga kwa nguvu zaidi, kila pigo likisukuma damu nyingi kuliko lile la nyuma. Kisha pigo likafika kipimo chake, halikuweza kujaa tena, na kutoka hapo kilichobaki ni kupiga haraka. Mia moja na thelathini. Mia moja na hamsini. Mishipa ya miguu inafunguka kama milango ya kanisa siku ya Pasaka, na ile ya tumbo inabanwa, damu iende kwenye kazi. Nikamuambia, sasa najua kwa nini Jérémie alitapika, alikuwa amekula mihogo. Akacheka mpaka akasahau kukaza.

Nilifika mia moja themanini na moja. Nguvu ya damu ya juu ilipanda vizuri, ya chini haikusogea. Niliposhuka, moyo ulianza kurudi chini katika dakika ile ile. Akaniambia, "Mama, huu moyo haukuchoka. Umezoea mbio, umekuwa na nguvu. Pigo lake moja linafanya kazi ambayo kwa muntu mwingine inataka pigo moja na nusu. Njo maana ukilala unapiga polepole."

Sasa hiyo hesabu yako ya wazee. Muntu wako wa sabini, tangu asubuhi mpaka asubuhi ametumia mapigo mengi sana kunipita mimi, hata ukiongeza saa yangu moja ya mbio. Kama kweli Mungu alituhesabia, basi mutapanyaji ni yule anayekaa.

Hayo nilikuwa nimeyamaliza kwa furaha. Nikapeleka maneno ya Monique kwa Papa Edmond. Hakuyaangalia. Aliniambia, "Mama Ketsia, usinililie mimi. Ni familia yako. Kaka yako alitupigia simu kutoka Manono, kabla ya mutihani, akasema kwenu moyo unaua na tusikuache ukimbie."

Florent, ulikwenda mpaka Manono, penye réseau ya simu. Ulikuwa na simu mukononi. Ukamuita Edmond, muntu ambaye haujawahi kula naye, na mimi haukuniita. Halafu unaniandikia barua ya Papa na kinga na uso, unaniombolezea nikiwa muzima, na neno moja juu ya hiyo simu haukuliandika.

Ulifanya hivyo kwa nini? Hilo tu njo ninaloliuliza.

Ketsia


Ankoro, tarehe 22 Aprili 2024

Shemeji Ketsia,

Ni mimi Mamie. Usicheke maandiko yangu. Florent hajui kama nakuandikia.

Barua yako aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Hajibu. Ukimuuliza anasema ana kazi. Kazi yenyewe haiko.

Shemeji, kaka yako hasukumi tena. Anasema ni mvua, si mvua. Ilianza mwaka jana wakati wa kiangazi. Akibeba magunia matatu, kwenye mupando wa tanuri za matofali anasimama, anashika hapa katikati ya kifua, jasho linamutoka, anasema ni gesi ya mihogo. Akikaa kidogo inapita. Akaacha magunia matatu, akabeba mawili, ikamufuata kwenye mawili. Sasa hata gunia moja. Jumapili iliyopita tulikuwa tunapanda kwenda misa, hana kitu mukononi isipokuwa kitabu cha nyimbo, akasimama, akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa amevaa sandali.

Usiku anaota Papa. Ananiambia, "Sisi wote tuna moyo ule ule, na Ketsia anakimbia." Wewe unaona alikuuza kwa Edmond. Mimi nilikuwa naye Manono akipiga ile simu, machozi yalikuwa yanamutoka.

Nilimuambia aende hospitali, akakataa. Anasema munganga akimuambia ni moyo, atakufa siku ile ile ya kuambiwa.

Nisaidie, lakini usiseme ni mimi.

Mamie


Kalemie, tarehe 29 Aprili 2024

Shemeji Mamie,

Nimesoma, nikakaa chini. Halafu nilimueleza Munganga Monique bila kutaja jina. Hakusita hata kidogo. Alisema moyo nao ni nyama, unalishwa damu na mishipa yake wenyewe. Mishipa hiyo ikiwa myembamba, muntu akikaa damu inatosha. Akipanda mulima moyo unadai zaidi, haupati, unalia. Akipumzika unanyamaza. Na kama zamani ulilia kwenye magunia matatu na leo unalia kwenye kitabu cha nyimbo, mishipa inazidi kubanwa. Anataka kumuona upesi. Asisukume kitu. Ikimushika akiwa amekaa, na isipite, usingoje Kalemie, mukimbize hospitali ya karibu.

Kaka yangu ninamujua. Juu ya dawa hatakuja. Juu ya ugomvi atakuja. Kwa hiyo katika mufuko huu huu Omer analeta barua nyingine, ya matusi. Ukimuona anaruka ruka kwa hasira, umukalishe na umufungie nguo. Ashuke mutoni na pirogue mpaka Kabalo, halafu treni.

Usifikiri nimemusamehe. Hasira yangu iko pale pale. Nimeiweka kando ili nipate mikono.

Ketsia


Kalemie, tarehe 29 Aprili 2024

Florent,

Muntu anayemusema ndugu yake kwenye simu na kumukimbia kwa uso, kwetu anaitwa nani? Mama alikuwa na jina lake, sitaliandika, utalikumbuka mwenyewe.

Kama wewe ni mukubwa wa familia, njoo Kalemie. Simama mbele yangu na mbele ya Papa Edmond, urudie yale uliyosema. Ukishindwa kuja, nitajua kwamba Papa aliacha binti tu.

Ketsia


Kalemie, tarehe 30 Mei 2024

Mamie muke wangu,

Nimefika. Treni ilitulaza njiani mara mbili, mengine nitakusimulia. Najua wewe njo uliyemuandikia Ketsia. Usiogope. Nilikasirika mpaka Nyunzu, nikachoka kukasirika.

Ketsia alinipokea stesheni bila salamu. Akachukua mufuko wangu, akatembea mbele, mimi nyuma, na nikaona anapunguza mwendo kwenye kila mupando bila kugeuka. Hapo njo nilijua anajua.

Kesho yake akaniambia, "Twende uione hiyo baiskeli unayosema itaniua." Nikaenda kwa kiburi. Munganga Monique ni mwanamuke mufupi, anaongea taratibu. Aliniuliza kifua kinabana wakati gani, wapi, kwa muzigo gani. Nikasema gesi. Akasema, "Papa Florent, gesi haijui kuhesabu magunia."

Alinipandisha na kuniambia niseme mara moja kikibana. Muzigo wa kwanza ulikuwa mwepesi kama kinga tupu. Aliongeza kidogo tu. Maumivu yale yale yakashika kifua changu, yakapanda mpaka kwenye taya, na mimi nikanyamaza, nikaendelea kukanyaga, kwa sababu Ketsia alikuwa ananiangalia. Lakini ile karatasi ya mashini ilisema kabla yangu. Munganga akaachia gurudumu, akanishusha, akaniweka dawa chini ya ulimi. Ketsia alinishikia viatu.

Ni mishipa ya moyo. Pengine Papa alikuwa na hiyo hiyo. Nimepewa vidonge vya kumeza kila siku mpaka uzee, na vile vya chini ya ulimi kama ikinishika. Kinga ya mizigo imekwisha. Kutembea polepole wameniruhusu, tena wamenilazimisha, na watanipima tena kabla sijarudi. Sikufa siku ya kuambiwa. Nililala usingizi muzito kuliko wa mwaka muzima.

Sasa nakuletea jambo lingine, na hili limenichoma kuliko kifua.

Jumatatu nilikwenda kwenye biro ya kamati, Ketsia akiwa shuleni. Papa Edmond alikuwa na wenzake, na Jérémie mwenyewe. Nikasema, "Nimekuja kuondoa neno langu. Mugonjwa ni mimi. Ndugu yangu ni muzima, munganga amemupima."

Akanikaribisha kiti, akacheka kama tuko kwenye pombe. Akasema, "Papa Florent, usijisumbue. Neno lako lilitusaidia tu. Hizi timu kubwa hazitaki mwanamuke katikati ya uwanja, na sisi tulikuwa tunatafuta sababu nzuri. Ulituletea mwenyewe."

Mamie, mimi nililia kwenye ile simu. Nilimupa kifo cha baba yangu. Nilifikiri naokoa mutoto wa mama yangu, kumbe nilikuwa nawachongea watu fimbo ya kumupiga.

Nilihisi kifua kinaanza. Nikaweka kidonge chini ya ulimi, nikakaa chini kwenye mulango wa ile biro, mugongo kwenye ubao. Nikamuambia, "Hapa sitoki mpaka umupe Ketsia tarehe ya kukimbia. Moyo wangu ni mubaya kweli, cheti ninacho. Kama nikifia hapa, utamueleza yeye."

"Papa, simama, watu wanaangalia."

"Waangalie."

Watu walijaa. Watu wa pikipiki walizima injini wakaja kusikia. Muntu mumoja aliuliza kuna nini, na Jérémie njo aliyejibu, akasema kwa sauti, "Wanaogopa Mama Ketsia atatuacha nyuma." Sijui kama alitaka kusaidia ao alichoka tu na aibu. Edmond akatoa tarehe.

Jana amekimbia. Munganga wa kamati alikuwa pale, safari hii aliwashika mikono wote, wanaume pia. Ketsia hakutapika, hakutembea. Kwenye mizunguko ya mwisho aliwapita waliotangulia, na alipomaliza yule munganga akashika mukono wake, akangoja dakika, akashika tena, akaandika bila kuinua kichwa. Amepita. Mimi nilikuwa nimekaa. Nilisimama polepole, nikavuka uwanja.

Nilimufuata kumuambia neno. Akaniambia, "Umemeza vidonge vya asubuhi?" Nikasema ndiyo. Akaenda kunywa maji.

Busu watoto.

Florent


Kalemie, tarehe 21 Julai 2024

Yaya Florent,

Omer ameniambia ulifika salama, na kwamba unashona nyavu ukiwa umekaa kama mufalme. Vizuri. Monique anauliza kama unatembea kila siku. Nimemujibu ndiyo, kwa hiyo usinifanye muongo.

Mashindano yameanza. Filimbi hawakunipa. Wamemupa Jérémie, mimi wamenipa bendera ya kando, na Papa Edmond anataka nishukuru. Sikushukuru. Niliandikia watu wa juu yake, na nitaandika tena.

Mechi ya kwanza niliinua bendera, bao la wenyeji likakataliwa. Walikuwa wamevuka mulinzi wa mwisho, hata kipofu angeona vumbi. Uwanja ukapiga yowe. Walitukana Mama kama ulivyosema, na juu yake wakaongeza mambo ya mwili wangu ambayo sitakuandikia. Chupa ikanipiga begani. Moyo ulipanda, na hapo sikuwa nakimbia, nilikuwa nimesimama. Nilipoulizia, Monique alisema hasira nayo inaachia breki. Bendera ilibaki juu mpaka Jérémie alipopiga filimbi. Alikuja anahema kutoka mbali, lakini aliipiga.

Baada ya mechi binti wawili wa shule walinifuata, wakaniuliza unafanya nini ili uwe arbitre. Niliwaambia waje Jumatatu na viatu.

Sasa mambo yetu. Uliniomba musamaha stesheni, wakati treni imekwisha kuanza kutembea, nikajifanya sikusikia. Nilisikia. Bado sijakusamehe. Nikikumbuka ile simu ya Manono nashindwa kula. Ulichukua woga wako ukauita ugonjwa wangu, na watu waliokuwa wananichukia wakapata sura ya huruma. Najua ulilia. Najua ulikaa kwenye ule mulango. Vyote viwili ni kweli, na bado nimekasirika.

Kwa hiyo meza vidonge, Yaya. Tembea. Usiguse muzigo. Hasira niliyo nayo juu yako ni ya miaka mingi, na ninataka uwepo, uipokee yote.

Mudogo wako,
Ketsia